Kioo cha Upande wa Kulia

Ungemwona Kathini jioni ile, usingedhani ametoka nyumbani kwenda kuomba uchafu. Blauzi yake ya manjano ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, sketi ndefu ya jinzi ilimkaa kiunoni sawasawa, na viatu vyake vilikuwa vya ile soli nene iliyowatia wasichana wa Eastlands wazimu mwaka huo wa tisini na sita. Kilichoharibu mambo ni jerikani kuukuu aliyoibeba. Stesheni ya petroli ya Jogoo Road ilikuwa imejaa pomoni. Ilikuwa mwisho wa mwezi, kila mwenye gari ana haraka, na asiye na gari anakatiza mbele ya wenye magari. Kathini aliwapita wote akasimama mbele ya mhudumu wa pampu.

"Oili chafu," akasema. "Ile mnayomwaga mkibadilishia watu. Nataka hiyo."

"Hiyo ina mwenyewe, madam. Kuna jamaa huja kuichukua na pipa."

"Jerikani moja tu. Pipa halitajua."

"Pipa halitajua, lakini bosi atajua."

Nyuma yake mtu akacheka. Kathini akageuka na kumkuta kijana mrefu aliyenyolewa boksi, jaketi ya ngozi begani, kofia ya pikipiki kwapani na mkebe wa oili mpya mkononi.

"Na wewe unacheka nini?"

"Sijacheka. Nimekohoa."

"Unakohoa meno yakiwa nje?"

Kijana akafunga mdomo, ukamshinda, ukafunguka tena. Jina lake lilikuwa Patrobas, na mtaani Makongeni, mama yake kando, hakuna aliyelimaliza jina hilo. Aliitwa Pato. "Pole, mrembo. Lakini oili chafu ya nini, kama si siri?"

"Ya kupaka nguzo za ua kwetu Wamunyu, Ukambani. Mchwa wa huko wanakula mpaka mlango. Nguzo ikipakwa oili chafu, wanaipita wakienda kwa jirani."

"Na jirani je?"

"Jirani naye amtume binti yake."

Hapo Patrobas alicheka bila kusingizia kikohozi. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Kesho asubuhi nabadilisha oili ya pikipiki yangu nyumbani, kota za reli, Makongeni. Kuja uichukue yote."

"Pikipiki inatoa oili kiasi gani?"

"Si nyingi. Lakini ni chafu ya ukweli."

Akamwonyesha kwa kidevu. Karibu na bomba la upepo ilisimama pikipiki nyekundu ya mbio, usukani chini, tangi limevimba, mwili wote umevikwa plastiki inayong'aa. Patrobas alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha uchapishaji kule Industrial Area, na mshahara wake haukutosha hata gurudumu la kitu kama kile. Aliinunua ikiwa mifupa iliyoungua, kwa tajiri mmoja aliyekuwa akishindana nayo, akaifufua kipande kwa kipande mpaka mtaa mzima ukaja kuona ikinguruma. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioifungua.

"Nitakuja," Kathini akasema. "Lakini nisipoikuta hiyo oili, jerikani itakuingia kichwani."

Alikuja. Tena alikuja akiwa amevaa suruali na fulana, kwa sababu alikuwa msichana aliyezoea kazi za mikono. Baba yake, Mzee Nzuki, alichonga vinyago katika kibanda cha mabati Shauri Moyo, upande wa Gikomba, na Kathini ndiye aliyevipiga msasa na kuviuza. Alimkuta Patrobas amepiga magoti uani, karai limewekwa chini ya injini, oili nyeusi inatiririka, na mama yake, Nangila, amesimama mlangoni na kikombe cha chai akimkagua mgeni kutoka viatuni hadi nywele.

"Patrobas! Huyu ndiye wa oili?"

"Ndiye, Mama."

"Mbona hukusema ni mzuri hivi? Ningechapa mandazi."

Patrobas alirudisha boliti mahali pake pamoja na washa mpya, kile kipete cha kuzuia oili isivuje, akabadilisha filta, akamimina oili safi, akawasha injini kidogo, akaizima. Halafu akajikuna shingo. "Sasa nikuombe kitu. Nishikie hii pikipiki. Isimamishe wima kabisa, hivi."

"Kwani haiwezi kujisimamia?"

"Haina stendi ya katikati. Ina huu mguu wa pembeni tu, na ikiuegemea inalala kushoto. Kioo cha kupimia oili kiko kulia, hapa chini, unaona? Ikilala, oili yote inakimbilia upande ule mwingine. Ukichungulia unaona kioo kitupu, na huku imejaa mpaka kooni. Lazima mmoja aishike wima, mwingine apige magoti aangalie."

"Na ukiwa peke yako?"

"Naita jirani."

"Jirani akiwa ametoka?"

"Nangoja arudi. Hii kitu haipimwi ikiwa imelala. Kamwe."

Kathini akashika usukani kwa mikono miwili na kuinyanyua pikipiki ikasimama wima. Patrobas akapiga magoti, akaangalia kioo, akaona oili imetulia kati ya alama mbili, kisha akainua macho na kubaki akiangalia juu.

"Kioo kiko huko chini," Kathini akamkumbusha.

"Nakiona."

"Unakiona na kisogo?"

Mama Nangila akaingia ndani akicheka peke yake.

Tangu Jumamosi ile injini hiyo ilipata raha ambayo injini nyingine Nairobi nzima haikuijua. Ilibadilishiwa oili kabla haijachoka, ikabadilishiwa tena kabla haijazoea. Kila mara Patrobas alipiga simu kwenye duka la Mama Zakariye, Msomali jirani ya kibanda cha Mzee Nzuki na mwenye simu ya pekee katika safu ile. Mama Zakariye alitoa kichwa nje na kupaza sauti, "Kathini! Oili imeita!" Na Kathini akajipangusa vumbi la mbao na kuchukua jerikani yake.

Mzee Nzuki hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja aliifungua jerikani, akatumbukiza kijiti, akakitoa na kukiangalia kwenye jua. Oili ilikuwa ya rangi ya asali.

"Hii haijafanya kazi," akasema.

Kathini alijifanya ana shughuli na mgongo wa twiga.

"Mchwa wataipaka kwenye mkate," mzee akaendelea. "Huyo kijana ni mjinga, au anakutaka wewe. Muulize ni lipi."

Kathini akamuuliza. Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha Makongeni, gari moshi la mizigo linapita nyuma ya nyumba na vikombe vinatikisika.

"Pato, oili yako haichafuki."

"Injini ni safi, dia."

"Baba anasema wewe ni mjinga, ama unanitaka."

"Baba yako ana akili sana."

"Ni lipi kati ya hayo mawili?"

Patrobas alingoja gari moshi limalizike. "La kwanza lililetwa na la pili," akasema. "Nakupenda, Kathi. Nimemaliza pesa yangu yote kwa oili."

Kathini alicheka mpaka akamwegemea, na alipoacha kucheka hakuondoka begani pake. Alimpenda pia, alikuwa amempenda tangu kile kikohozi, na akamwambia hivyo hivyo.

Basi zikawa siku njema. Patrobas alimpeleka barabara ya Outer Ring asubuhi za Jumapili, mikono ya Kathini imemzunguka, jaketi ya ngozi inanuka jua na petroli. Alimfundisha kazi yote ya oili. Kuipasha injini moto kidogo ili oili ilegee, kupangusa kabla ya kufungua, kukaza boliti mpaka ikatae kisha kuiongeza kidogo tu. Mikono ya Kathini ilishika haraka. Mtu aliyezoea kuupiga msasa mguu wa swala bila kuuvunja anajua nguvu inaishia wapi.

"Unajua nini hunikera?" alimwambia siku moja. "Nikimaliza kinyago, Baba lazima akipitishie kidole. Miaka yote hiyo, na bado anapitisha kidole."

"Mimi siwezi kukupitishia kidole," Patrobas akasema. "Ukisema imekwisha, imekwisha."

"Sema tena."

"Ukisema imekwisha, mpenzi, imekwisha."

Kwa Kathini maneno hayo yalipita busu. Aliyaweka moyoni, na ndiyo sababu yaliyofuata yalimuuma kiasi kile.

Mzee Nzuki alituma salamu kwamba kijana aje aonekane. Ndugu zake wawili wangetoka Wamunyu, mkubwa wa maneno akiwa Musau, na Jumapili wangekula pamoja. Patrobas alikata nywele mapema kabla hata hajaulizwa. Lakini Jumamosi kiwanda kilimtuma Thika na mzigo wa vitabu, na Kathini alipofika Makongeni alimkuta Mama Nangila peke yake.

"Na kesho anataka kuja na hiyo pikipiki mbele ya baba zangu," Kathini akasema. "Safari hii oili imechafuka kweli. Mama, unaweza kunishikia?"

"Mimi nimeshika ng'ombe wa kulima, mwanangu. Hiki ni nini?"

Wakaifanya wao wawili. Kathini alilala chini, akakunja mikono ya blauzi, akafungua, akamwaga, akabadilisha, akajaza. Mama Nangila akaishika pikipiki wima, leso imefungwa kiunoni, akiimba wimbo wa kanisani. Kathini akapiga magoti upande wa kulia. Oili ilikuwa imetulia katikati ya alama. Aliangalia mara ya pili kwa sababu ya furaha tu. Akanawa, akaenda zake akiwa na ushindi wake.

Jioni Patrobas alirudi amechoka, na mama yake akampa habari huku akijifunga kitambaa aende kwenye maombi. "Mkeo amekubadilishia oili."

"Ati nini?"

"Mwenyewe, kwa mikono yake. Umshukuru vizuri."

"Nitamshukuru," Patrobas akasema, na mama akaondoka.

Nimseme vipi kijana huyu? Hakuwa mbaya. Lakini pikipiki ile aliifufua peke yake, na mtu mwingine alikuwa ameigusa yeye hayupo. Alitoka uani akasimama kando yake. Angeweza kumwita jirani amshikie, lakini jirani angetaka kujua kwa nini, na Makongeni neno halikawii kufika kwa mwenyewe. Hakutaka Kathini ajue kwamba anakagua. Basi hakumwita mtu. Akainama upande wa kulia, pikipiki ikiwa imeegemea mguu wake wa pembeni, akachungulia. Kioo kilikuwa kitupu.

Alijua, bila shaka alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha. Ila alikuwa amekuja kutafuta kosa, na kosa lilikuwa mbele yake. "Nilijua tu," akanong'ona. Akachukua mkebe na kuongeza oili nyingi, akaufuta mdomo wa tangi la oili kwa kitambaa, akaingia kulala na dhamiri imemtulia kabisa.

Jumapili alitoka na shati jeupe, tai ya marehemu baba yake na jaketi iliyopakwa rangi ya viatu mpaka ikang'aa. Hakufika mbali. Kabla ya City Stadium pikipiki ilianza kukohoa, moshi wa kibuluu ukamfunika yeye na waumini waliokuwa wakitoka kanisani, kisha injini ikazima na kukataa katakata. Aliisukuma mpaka Shauri Moyo. Alipoingia kwa Mzee Nzuki, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ulikuwa umepoa, kuku ameganda, shati si jeupe tena, na wazee wawili wa Wamunyu wamemkalia macho.

"Karibu," Musau akasema. "Tulidhani umepitia Mombasa."

Watu wakacheka. Patrobas alikuwa na aibu, tena aibu ya jasho, naye akaitafutia mahali pa kuitua. "Baba Mdogo, msinilaumu mimi," akasema huku akicheka nao. "Ni huyu Kathini wenu. Jana aliingilia injini yangu, akanibadilishia oili."

Musau akapiga meza kwa furaha. "Kumbe tumelea mvunja injini!"

Kicheko kikaenea chumba kizima, hata jirani wa ng'ambo ya ukuta akacheka bila kujua kisa. Kathini hakucheka. Alisimama akaanza kukusanya sahani zenye chakula bado, akatoka nje nazo. Patrobas akamfuata hadi bombani.

"Kathi, ni mzaha tu."

"Iliwaka vizuri asubuhi?"

"Iliwaka."

"Halafu ikatoa moshi wa kibuluu. Oili imezidi hiyo, haikupungua. Mimi niliiacha katikati ya alama. Nani aliongeza?"

Patrobas akajifanya anakung'uta vumbi shatini.

"Pato, nani aliongeza?"

"Niliangalia jana jioni. Kioo kilikuwa kitupu."

"Nani alikushikia?"

Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika bure juu ya sahani. Patrobas alifungua mdomo, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Kathini aliona akielewa, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kicheko cha Musau.

"Hakuna aliyekushikia," akasema taratibu. "Hukutaka mtu ajue. Wewe uliniambia nikisema imekwisha imekwisha, kisha ukangoja niende ukanikagua kwa kificho, tena vibaya. Na umenisema mbele ya baba zangu. Chukua chuma chako uende."

"Kathi, tafadhali, laazizi..."

"Enda, Patrobas."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake zima.

Wiki iliyofuata simu ya Mama Zakariye haikupumzika.

"Halo, duka."

"Mama Zakariye, habari ya leo? Niitie Kathini tafadhali."

"Kathini yuko hapa mbele yangu. Anasema hayuko."

"Mwambie nina neno moja tu."

Akafikisha ujumbe, akarudi. "Anasema neno moja ulishalisema Jumapili."

"Basi mwambie nampenda."

"Ah-ah! Hiyo sipeleki, walahi. Hiyo mtu huja nayo mwenyewe. Na ukate simu, nangoja simu ya mchele wangu."

Mama Zakariye alikata. Kisha akamwangalia Kathini aliyesimama kando ya gunia la sukari akiwa amejikumbatia. "Sauti yake imekonda," akasema. Kathini akasema na ikonde, halafu akarudi kibandani na kuupiga msasa mguu wa twiga mpaka ukawa mwembamba mno, na Mzee Nzuki akauweka kando. Nyumbani alilia, kwa sababu alimkosa. Aliukosa mkono wake na mizaha yake, na hasira haikuupunguza upweke huo.

Patrobas akaja mwenyewe, kwa miguu, saa ya chakula cha mchana, Kathini akiwa amepeleka vinyago mjini. Mzee Nzuki alikuwa amebana kipande cha mti kati ya nyayo zake, tezo linapanda na kushuka.

"Mzee, nimekuja kusema kosa ni langu. Kathini alifanya kazi sawa. Mimi ndiye niliyeongeza oili kisha nikamsingizia."

"Mimi najua," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Binti yangu hufanya kitu kikafanyika."

"Naomba unisaidie. Uwaambie ndugu zako."

Tezo likasimama. "Niwaambie nini? Neno ulilitoa kwa mdomo wako. Musau amerudi Wamunyu, na Musau hahitaji redio. Hivi tunavyoongea, sokoni wanamwita Kathini mvunja injini, naye alikuwa msichana wa kusifiwa huko. Mimi siwezi kulikusanya neno lako kwa niaba yako." Akaendelea kuchonga. Patrobas akaaga, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu cha Jogoo Road.

Safari hii Kathini alikuwa amerudi, na akashika simu mwenyewe.

"Sema. Mama Zakariye anaitaka."

"Jumamosi naenda Wamunyu kumwambia Baba Mdogo Musau ukweli. Mbele ya watu, kama nilivyosema uongo mbele ya watu."

Kathini alihamishia simu sikio la pili.

"Kathi, uko?"

"Niko."

"Nimesafisha chujio la hewa, nimeweka plagi mpya. Imebaki oili. Sijaigusa. Naomba uje uibadilishe wewe. Na kama hutaki, nitaenda kwa basi, lakini nitaenda."

"Unaomba mkono wangu wa kazi ama unaomba msamaha?"

"Vyote viwili. Na nimekumiss mpaka nimekonda sauti, hata Mama Zakariye aliniambia nilipopiga tena."

Kathini alifunika simu kwa kiganja ili asisikike akicheka. "Jumamosi asubuhi," akasema. "Mama achape mandazi."

Alifika jua likiwa bado changa, suruali ile ile ya kazi, kitambaa chekundu kichwani. Alifanya kazi yote kuanzia mwanzo, na Patrobas akamkabidhi spana alipoiomba, basi. Ilipofika wakati wa kupima, Patrobas akaishika pikipiki wima na Kathini akapiga magoti.

"Imetosha," akasema.

"Basi twende," Patrobas akajibu, kifua mbele.

"Njoo uangalie."

"Siangalii. Umesema imetosha, imetosha."

Kathini akainuka, akapangusa mikono, akamtazama. "Pato, usiniletee sinema. Tunaenda Wamunyu, si dukani. Chombo cha safari kinaangaliwa. Sikukasirika kwa sababu uliangalia. Nilikasirika kwa sababu uliangalia nikiwa nimeenda. Lete huo usukani."

Akaushika yeye. Patrobas akazunguka, akapiga magoti upande wa kulia, akaangalia kwa makini kama mtu aliyepewa nafasi ya pili, na hakuharakisha.

Mama Nangila alitokeza na sahani ya mandazi na kumwona mwanawe amepiga magoti mbele ya msichana. "Ehe!" akasema kwa sauti. "Omba vizuri! Na makosa ya mwaka jana pia uyaombee!"

"Anaangalia oili, Mama," Kathini akasema.

"Aangalie na aombe!"

"Iko katikati," Patrobas akasema kutoka chini. "Katikati kabisa, Kathi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, mandazi yanapoa."

Njia ya Wamunyu ilikuwa na vumbi kuanzia Machakos kwenda mbele, na injini iliimba safari nzima bila kukosea. Kathini alimshika kiunoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Walipoingia uani kwa Musau walikuwa wekundu kope hadi viatu. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wamejaa pale, wake wa Musau, majirani, bibi mzaa baba amekaa kwenye mkeka wake anapukuchua mahindi. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mvunja injini amekuja!" Kicheko kikazuka.

Patrobas hakukubali kiti. Alivua kofia, akasalimu wazee, akasema akiwa amesimama, Kathini akitafsiri kwa Kikamba penye haja.

"Baba Mdogo, siku ile nilisema Kathini aliharibu pikipiki yangu. Nilidanganya. Yeye aliifanya sawa. Mimi niliikagua kwa siri baada ya yeye kwenda, nikaipima vibaya, nikaiharibu mimi mwenyewe, kisha nikamtwika yeye kwa sababu niliona aibu. Leo ameibadilisha tena oili, na imetuleta mpaka hapa. Nimekuja mlisikie kwangu."

Bibi aliacha mahindi. Musau akajikuna ndevu.

"Umetoka Nairobi na vumbi hili lote kusema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Hukuja kuomba kitu?"

Patrobas alikuwa na la kuomba, alikuwa nalo tangu zamani, lilikuwa limemjaa kifuani. Akalizuia. "Leo nimekuja kurudisha, Baba Mdogo. Nikiomba leo mtadhani nilikuja kununua."

Huyu ndiye mtu wake, Kathini alijua hivyo wazi kabisa, na hakuona sababu ya kumngoja.

"Basi nitaomba mimi," akasema. "Baba Mdogo, nataka kuolewa na huyu."

Bibi akaachia kicheko cha mapengo. Mmoja wa wake wa Musau akafunika mdomo kwa leso. Musau mwenyewe alitikisa kichwa pole pole, akamwangalia binti, akamwangalia kijana, kisha akaigeukia pikipiki nyekundu iliyopoa karibu na lango.

"Mbuzi wa ntheo hawapandi pikipiki," akasema. "Akija nao, aje na gari."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kila aliyekuwa uani alijua maana yake, kwa sababu kwa Wakamba mbuzi hao wakishapokelewa kwa kina binti, binti ana mume. Patrobas peke yake, kijana wa Kibukusu aliyezaliwa kota za reli, ndiye aliyebaki ameduwaa, kofia mkononi, anatazama huku na huku.

"Kathi," akanong'ona, "amesema nini?"

"Amesema ndiyo," Kathini akajibu, na machozi yakamtoka akiwa anacheka. Akamshika mkono hapo hapo mbele ya baba zake, na hakuuachilia hata chai ilipoletwa.